Kipupwe kinaingia nyanda za juu kusini: maswali yenu ya mwezi huu

Mvua zimekata na asubuhi zimeanza kuwa nzito kwa ukungu. Maswali mengi tuliyopokea yametoka Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya, ambako baridi ya Juni hadi Agosti haina mchezo. Tunajibu yale yanayohitaji kufanyiwa kazi sasa, kabla sakitu ya kwanza, yaani baridi inayogandisha umande na kuunguza majani, haijashuka.

Mwaka jana miche yangu ya parachichi aina ya Hass iliungua majani yote mwezi wa saba. Jirani yangu aliye juu kidogo ya kilima hakupata hasara. Kwa nini, na mwaka huu nifanyeje? (Msomaji, Njombe)

Shamba lako bila shaka liko bondeni. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, kwa hiyo usiku usio na upepo huteremka kilimani na kutuama chini. Jirani yako alipona kwa sababu baridi ilipita kwake ikaja kulala kwako. Usiku wa hatari unatambulika tangu jioni: anga ni jeupe bila wingu, upepo umetulia, na ikifika saa 2 usiku mtu tayari anatafuta blanketi. Baridi huwa kali kabisa kati ya saa 10 alfajiri na jua kuchomoza.

Jenga kibanda kwa kila mche. Simika miti minne inayouzidi mche urefu kwa sentimita 30 hivi, kisha ezeka nyasi juu na kuziba pande tatu. Upande wa kaskazini uache wazi, maana mwezi wa Juni jua la huku kwetu hupita upande huo na mche unahitaji mwanga. Nyasi au kiroba kisiguse majani. Jani lililogusana na nailoni huungua kuliko hata lile lisilofunikwa.

Udongo nao ni akiba ya joto. Wiki za sakitu, sogeza matandazo yakae mita 1 kutoka kwenye shina, kisha mwagilia lita 10 hadi 20 mchana, wakati jua bado lipo. Udongo ulio wazi na wenye unyevu hupokea joto la mchana na kulitoa usiku. Uliokauka au uliofunikwa hauwezi kufanya hivyo. Mbolea ya kukuzia kama Urea au CAN usiweke tena hadi baridi ipite, kwa sababu inaleta machipukizi laini, na hayo ndiyo hufa kwanza.

Mche ukiungua, acha panga nyumbani. Matawi yaliyoungua huyakinga yaliyo chini yake, na wewe mwenyewe huwezi kujua mapema mche umekufa hadi wapi. Subiri machipukizi mapya ya Septemba au Oktoba ndipo ukate. Angalia chipukizi limetokea wapi: likitoka chini ya kiungo cha kubebeshea (pale Hass ilipounganishwa na shina la mti mwingine), hiyo si Hass tena, ni mti wa shina la asili, na itabidi ubebeshe upya. Shina lililobaki bila majani lipake chokaa iliyochanganywa na maji, lisiunguzwe na jua la mchana.

Kama mahali hapo panaungua kila mwaka, tunakushauri uhamishe parachichi mlimani. Bonde hilo lipe tufaha, ambalo linataka baridi ili lichanue vizuri.

Usiku tunalala na jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya watoto. Mkaa ukishakolea hauna moshi, si salama? (Mama wa watoto watatu, Makete)

Hapana, mama. Tafadhali acha kuanzia leo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na hutoka hata pale moshi ulipokwisha. Ukiivuta, hushika kwenye damu mahali pa oksijeni. Aliyelala haamki kukohoa. Anazidi tu kuzama usingizini. Kila kipupwe familia hupotea hivi.

Pasheni chumba moto jioni mkiwa macho, mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha toeni jiko nje kabla ya kulala. Kulihamishia sebuleni hakutoshi. Kwa joto la usiku, jazeni maji ya moto (yasiyochemka) kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza, mzungushie kitambaa, muweke miguuni kwa watoto. Baridi nyingi hutoka chini, hivyo godoro lililo sakafuni liwekewe mkeka na tabaka nene la nyasi kavu chini yake.

Mtu akiamka na kichwa kinachouma, kizunguzungu na kichefuchefu kwenye chumba chenye jiko, mtoeni nje mara moja kwenye hewa safi, kisha mpelekeni kituo cha afya hata akisema amepata nafuu.

Mahindi tumeshavuna lakini jua halitoshi. Nitajuaje yamekauka kufungia kwenye mifuko isiyopitisha hewa? (Msomaji, Mufindi)

Tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia vijiko vitatu vya chumvi iliyoanikwa vizuri, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika chache, kisha iache dakika 15. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15. Isiponata, usiharakishe bado: mifuko hiyo inataka asilimia 13 au chini ya hapo, kwa hiyo anika tena siku moja au mbili za jua.

Anikeni juu ya turubai au kichanja, kamwe si ardhini, baada ya umande kukauka, na kuanua kabla ya saa 10 jioni. Yaacheni yapoe ndipo myafunge. Mahindi yakifungwa na joto la jua hutoa jasho ndani ya mfuko, ukungu unaota, na hapo ndipo sumukuvu inapoanza.

Vifaranga wangu wanakufa wakiwa wamebanana kona moja. Ni ugonjwa? (Kijana mfugaji, Mbeya)

Kwa maelezo yako, ni baridi: wanapandana kutafuta joto na wa chini wanakosa hewa. Ondoa kona kwa kuzungushia karatasi ngumu iwe duara. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35 karibu na chanzo cha joto, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Kama huna kipimajoto, watazame: wakibanana wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni wanaungua, wakitawanyika wanakula wako sawa. Weka maranda sentimita 5 na uondoe yaliyolowa kila siku. Ukitumia chungu cha mkaa, acha nafasi ya hewa juu. Gesi tuliyoieleza huwaua na wao.

Kuni za miwati nilizokata mwezi huu zitafaa lini? (Mzee, Njombe)

Shikamoo mzee. Zikipasuliwa unene wa kifundo cha mkono na kupangwa juu ya magogo, miezi 2 hadi 3. Gonganisha mbili: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa mlio mzito. Za haraka zianike uchagani juu ya jiko, ila zisikaribie ndimi za moto.

Viazi vyangu vya kinyunguni (bustani ya bondeni) vina wiki sita, sakitu imechoma majani. Ning'oe? (Msomaji, Makete)

Using'oe. Subiri siku 7 hadi 10, mwagilia kidogo, pandishia udongo. Vingi vitachipua kutoka chini. Vilivyozidi siku 80 kata majani, acha wiki mbili ganda likomae, kisha vuna. Kiazi kilichoganda hulainika na kutoa maji kikiyeyuka. Kitenganishe mapema, kisiozeshe mbegu zako ghalani.