Muulize Shangazi wa Hesabu: Ada ya pacha au kiwanja cha Usagara?

*Shangazi, shikamoo. Nina pacha, Kulwa na Doto, wana miaka miwili na nusu. Mimi nashona nguo Makoroboi, baba yao anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kuna shule ya Kiingereza karibu na kwetu Nyegezi, inapokea kuanzia miaka mitatu. Ada ni 1,100,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, basi na sare mbali. Mimi nataka waanze. Mume wangu kakataa katakata, anasema mtoto wa umri huo hana cha kujifunza, hela hiyo tuanze kulipia kiwanja Usagara, siku wakienda chuo tutakiuza. Kwa sasa wanashinda na dada wa kazi, binti wa Ukerewe, tunamlipa 60,000 kwa mwezi. Ni wa nne tangu wazaliwe. Huwawashia katuni kwenye simu ili apate kupika. Tuamulie.* — Mama Kulwa, Mwanza

Marahaba mwanangu, na hongera kwa pacha.

Nilikaa dirisha la mikopo la SACCOS moja hadi nikastaafu, na kila Januari foleni ilikuwa ileile: ada ya sekondari, ada ya chuo. Sikumbuki mtu aliyekuja kukopa kwa ajili ya mtoto wa miaka miwili. Kwa hiyo baba Kulwa hayuko peke yake. Ila hesabu yake imepinda, na kwa lugha ya Mwaloni ni hivi: dagaa hununuliwa wakati wa giza, wavuvi wanapojaza mitumbwi na bei ikashuka, si wakati wa mbalamwezi. Kiwanja Usagara utakipata hata mwaka kesho, kikiwa kimepanda kidogo. Miaka miwili ya Kulwa na Doto hutaipata tena.

Anayesema mtoto mdogo hana cha kujifunza mimi humpeleka Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, jijini Kingston, watafiti walichukua watoto 129 wa mitaa ya kimaskini, wa miezi 9 hadi 24, wote wamedumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii, saa moja kwa wiki, kwa miaka miwili. Mhudumu alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono, akakaa chini na mama na mtoto, akamwonyesha mama namna ya kucheza naye, kumtajia vitu, kumjibu anapobwabwaja, kumsifu anapoweza. Vitu vile vilibaki nyumbani, wiki inayofuata vikabadilishwa. Watoto wengine walipewa maziwa ya lishe kilo moja kwa wiki, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu.

Miaka 20 baadaye, wale waliochezeshwa walikuwa wanalipwa asilimia 25 zaidi ya ambao hawakuchezeshwa. Walikuwa wamewafikia hata wenzao ambao hawakuwahi kudumaa. Maziwa peke yake hayakuongeza kipato. (Usije ukawapunguzia watoto uji ukasema Shangazi kasema.)

Haya, na wewe sasa. Wenye shule wanapenda kutaja faida ya asilimia 7 hadi 10 kwa mwaka kwa kila fedha inayowekwa kwa mtoto mdogo. Hesabu hiyo ni ya James Heckman na wenzake. Heckman ni mchumi wa Marekani aliyepata Nobeli mwaka 2000. Inatoka kwenye chekechea moja ya mji wa Ypsilanti, Michigan, ya miaka ya 1962 hadi 1967, iliyofuatilia watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi, waliosoma pale na wasiosoma. Namba ni ya kweli, ila isome vizuri kabla hujalipa. Sehemu kubwa ya faida ile ilitokana na uhalifu kupungua, yaani walipa kodi waliokoa pesa za mahakama na magereza; haikuingia yote mfukoni mwa mama. Tena alama za majaribio ya akili zilipanda, kisha zikafifia baada ya miaka michache. Kilichobaki ni tabia: kuvumilia, kumaliza kazi, kukaa vizuri na watu. Na mwalimu alikwenda nyumbani kwa kila mtoto kila wiki, saa moja na nusu. Huyo wa Nyegezi atakuja kwako?

Sijasema shule ni mbaya. Nenda asubuhi bila taarifa, achana na michoro ya ukutani, hesabu vichwa. Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na wako bado wadogo kuliko hao. Quebec, Kanada, walianzisha malezi ya dola tano kwa siku mwaka 1997. Akina mama wengi walipata nafasi ya kufanya kazi, lakini wachumi waliofuatilia walikuta watoto wamezidi ukorofi na wasiwasi. Kumpeleka mtoto mahali tu hakutoshi.

Mimi kilichonikaa kwenye barua yako ni yule binti wa Ukerewe. Ndiye anayekaa na watoto tangu unafungua cherehani mpaka unaifunga. Wa nne! Kila akiondoka mmoja, pacha wanaanza upya na mgeni. Kwa 60,000, jirani akimwahidi 80,000 kesho hayupo. Mpandishie iwe 120,000. Hapo hufanyi sadaka, unanunua kukaa kwake na maneno ya kinywa chake. Mkubaliane: simu hadi jioni kabatini, na anapochambua mchele watoto wakae naye kwenye mkeka. Doto akiokota kokoto, amuulize "hiyo nini?", amsubiri, amjibu kwa lolote atakalosema. Vizibo vya soda wapange kwa rangi. Hadithi za kwao Ukerewe asimulie hata kwa Kikerewe, Kiingereza hakina haraka. Jumapili kaa nao wewe, aone unavyofanya. Baba yao naye akirudi asiishie kuuliza kama wamekula.

Nyongeza hiyo ni 720,000 kwa mwaka. Kwenye zile 2,200,000 za ada inabaki 1,480,000, na hiyo mpe baba Kulwa aanze kulipia kiwanja chake. Wakifika umri wa darasa la awali, shule ya msingi ya serikali haina ada.

*Shangazi, mimi ni fundi cherehani hapa Voi. Binti yangu yuko PP2, mwaka wa pili wa darasa la awali huku Kenya, nimeambiwa nilipie tuisheni ya Jumamosi ili asibaki nyuma. Ni uwekezaji?* — Baba Mwende

Hapana, kaka. Ameshakaa darasani wiki nzima. Jumamosi njoo naye dukani, mpe mabaki ya vitambaa apange kwa urefu, akutajie rangi, apokee mteja kwa salamu. Hela ya tuisheni mnunulie vitabu vya hadithi, mmoja wenu amsomee usiku.