Kipa hatuna

Mmeuliza wiki hii: "Shule ziwe na kipindi cha kufundisha watoto kuongea na wenzao na kupata marafiki, au hiyo ni kazi ya mzazi?" Nimelisoma swali niko kwenye cherehani, pini mdomoni, nikaweka gauni la watu pembeni maana limenigusa pabaya. Jibu langu la haraka: si shule wala si mzazi. Kwani sisi nani alitufundisha? Ulitoka nje, ukakuta watu wanacheza rede, ukasimama pale mpaka wakachoka kukuona, ukaingia. Basi.

Ila nina mtoto wa kiume, miaka minane, na yeye ndo kaniandikisha haya.

Kwa adabu huyu mtoto sina la kumdai. Shikamoo inamtoka hata hujamkaribia, akipewa kitu anapokea kwa mikono miwili, wakubwa wakiongea yuko kimya, wageni wote wananisifia malezi. Sa mpeleke kwa watoto wenzie uone. Tulikuwa tunakaa Tabata ndani ya geti, kibasi cha shule kinampitia saa kumi na moja alfajiri kinamrudisha jua linazama, wikiendi katuni. Tulivyohamia Mbagala mwaka juzi akatoka nje, akawakuta wanapiga chandimu, akasimama katikati akasema, "Samahani, naomba kucheza na nyinyi." Wakamwangalia kama mtu wa sensa. Walicheka mpaka mpira ukatumbukia mtaroni.

Mi nikaona njia ya mkato, nikanunua mpira. Wa ngozi, elfu kumi na tano, Kariakoo, baada ya kubishana na muuzaji mpaka jasho. Siku tatu mwanangu mfalme, wanamgongea mlango kabla hata ya chai. Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, na cherehani yangu iko barazani kwa hiyo naona kila kitu. Magoli yao ni ndala mbili huku mbili kule, hakuna mtambaa panya, sa kila mpira wa juu ni kesi. Mmoja kapiga, huyu anasema goli, yule anasema imepita juu, kipa anaruka kuonyesha mkono wake unapoishia maana hapo ndo kipimo. Zile kelele kama hujazizoea utadhani wanataka kuuana, kumbe ndo kikao chenyewe, na mara nyingi kinaisha mtu akisema haya pigeni penati. Mwanangu hakusubiri penati. Kabisha, kaona hasikilizwi, kaweka mpira wake kwapani huyo ndani. "Mi simo!" Huku nyuma wakambatiza VAR, kama ile video ya marefa ya kuamulia utata, na jina limekaa hadi leo.

Nikawa nasubiri waje kumbembeleza. Kama robo saa hivi nasikia, "Shikamoo mama." Ni yule mfupi wao wa nyumba ya tatu. Ananiuliza habari za kazi, ananiuliza hilo gauni ni la harusi (gauni halimhusu hata kidogo yule), anasogeza kiti kilichokuwa juani, halafu ndo anafika: "Mama, vile vipande unavyotupa tunaweza kuokota?" Zamani mpira tulifunga kwa mifuko ya rambo, lakini toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 watoto wanahangaika, na mimi nna gunia zima la mabaki ya vitenge na bitana. Nilijua ni vya nini. Nilijua pia mwanangu yuko nyuma ya pazia ananisikiliza. Nikawapa. Na kipande cha sponji nikawaongezea wakiweke katikati ili udunde. Mpaka leo najiuliza, mama gani huyo, mwanae kagombana na wenzie halafu yeye ndo anawafungia mpira? Lakini yule mtoto aliniomba vizuri jamani, alijua aanzie wapi na atue wapi, na hakuna mwalimu aliyewahi kumpa kipindi cha hayo.

Wao nje wanafunga mpira, mmoja kashika mwingine anavuta uzi kwa meno, ndani mtu anadundisha wa ngozi peke yake sakafuni, du, du, du. Nikamwambia ukisusa wenzio wala, nenda kaombe msamaha. Hataki. Nenda basi kawapelekee mpira. Hataki. Nikamwacha. Baadaye katoka mwenyewe, mikono mitupu, kakaa juu ya tofali pembeni ya uwanja, hasemi kitu. Mpira wa vitambaa ukatoka, akaurudisha kwa mguu. Ukatoka tena, akaurudisha. Mara ya tatu sijui ya nne, yule mfupi hata hakugeuka kumwangalia, akasema tu, "VAR, kipa hatuna." Akaenda golini. Hakuna aliyeomba msamaha, hakuna aliyesamehe. Lile gauni nilikuja kulifumua mshono wote, nilikuwa nimeshona mkono nje ndani.

Nilipoanza kuandika nilitaka niwaambie tu fungueni mageti watoto watoke. Lakini mbona usiku ule ule mimi nilikaa kitandani kwake nikamfundisha? Nilimwambia usiombe kucheza, uliza kipa nani, maana kipa hakuna anayetaka kuwa. Goli likiwa na utata dai penati, usidai goli. Sa hicho si kipindi? Tumewafundisha kuongea na waliowazidi umri, hapo tuko vizuri, ila kubishana na wa saizi yako bila kususa, au kuambiwa nafasi imejaa bila kulia, tunadhani kunaota tu kama meno. Halafu nna mteja ana binti mwenye usonji, yeye alifundishwa kwa picha, hatua kwa hatua, hata kumpungia mtu mkono. Huyo nimwambie amwache mtaa umfunze? Thubutu.

Na shule zenyewe ndo hizi. Mdogo wangu aliwahi kuwa na somo kabisa linaitwa Haiba na Michezo, kwenye ratiba lipo, ikifika saa yake wanafyeka nyasi. Na hizi za ingilishi midiamu, kuna ambazo mtoto akiteleza Kiswahili wakati wa mapumziko anaadhibiwa, sasa kesi ya goli ataisemea kwa lugha gani?

Haya, andikeni kwamba nimesema kiwepo, hata mimi nimejishangaa. Ila kiwe nje, kisiwe na mtihani, mwalimu akae chini ya mwembe kazi yake kuangalia watu wasitoane macho, na waachiwe waongee lugha inayowatoka. Kama ni kukaririshwa sifa tano za rafiki mwema ubaoni, sikitaki, nafuta jibu langu. Na wenye mahitaji kama binti wa mteja wangu wapate mtu aliyesomea, siyo mwalimu wa Hisabati aliyekosa kipindi.

VAR bado kipa. Anasema siku hizi ni kwa kupenda, mi sijui. Mpira wa ngozi ulishapasuka kwenye misumari ya uzio, hakuna aliyeulilia. Naishia hapa, mwenye gauni kafika.