Mbegu ya jogoo haigandishwi kama ya fahali

Kideri kilipopita bandani kwangu kiliniachia kuku watatu tu wa asili wa aina ya Kuchi: matetea wawili na jogoo mmoja mwenye miguu mirefu na hasira za karibu, tuliyemwita Chifu. Kosa lilikuwa langu, nilichelewesha chanjo. Majirani nao walishachanganya Kuchi wao na kuku wa kisasa, Kuroiler na Sasso, ili wakue upesi, kwa hiyo jogoo safi wa kuazima hakuwapo. Ndipo shemeji yangu, anayehimilisha ng'ombe, yaani kuwapandikiza mbegu ya fahali iliyogandishwa, akasema, "Shemeji, mtungi wa naitrojeni si ninao? Tumgandishe Chifu."

Kama na wewe umewaza hivyo kwa kuku wako wa asili, soma kwanza.

Kumkamua jogoo mbegu hakukunishinda. Njia ni ileile ambayo watafiti Burrows na Quinn waliieleza kule Marekani miaka ya 1930. Mmoja anamshika jogoo, mwingine anampapasa mgongo kwenda mkiani, harakaharaka, mpaka ainue mkia, kisha anaminya taratibu pande mbili za tundu la nyuma. Mnyime chakula saa kadhaa kabla, la sivyo utakamua kinyesi. Chifu siku tatu za kwanza alitupiga mateke tu. Siku ya nne akatoa tone zito, jeupe kama mtindi, halijafika hata nusu mililita. Usilidharau tone hilo, lina mbegu zaidi ya bilioni moja. Likiwa la majimaji au lina rangi ya kijani, mwaga.

Tukalichanganya na dawa ileile ya mbegu za fahali, yenye gliseroli, tukajaza mirija, tukaipoza, tukaizamisha kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Baada ya wiki tukayeyusha mrija mmoja na kuuchungulia kwa hadubini ya kuazima. Shemeji alipiga kelele: "Zinacheza kama viluwiluwi!" Zilizocheza zilikuwa kama theluthi, lakini sisi tulishaanza kuhesabu vifaranga. Tukahimilisha wale matetea wawili pamoja na wanne wa jirani, ambao tulikuwa tumewatenga na majogoo kwa wiki tatu, maana tetea huhifadhi mbegu tumboni kwa wiki mbili au zaidi.

Tulipata mayai 23. Siku ya saba kwenye mashine ya kutotolea nikayamulika kwa tochi, moja baada ya jingine. Yote meupe. Hakuna hata lenye uzi wa damu.

Mkosaji ni gliseroli. Mwaka 1949 huko London, watafiti Polge, Smith na Parkes waligundua kwamba inakinga mbegu zisife kwenye baridi, na mbegu walizofanikiwa nazo zilikuwa za jogoo, kabla ya zile za fahali. Ila ndani ya tetea gliseroli hiyohiyo hufanya kazi ya uzazi wa mpango. Asilimia mbili hivi inatosha kuharibu mambo, na dawa ya fahali huwa na kama saba. Ukishayeyusha, lazima iondolewe kidogokidogo, kwenye ubaridi, kwa mashine ya kuzungusha mirija. Wengine huikwepa na kutumia kemikali nyingine, kama dimethilasetamaidi. Hiyo ni kazi ya maabara. Mhimilishaji wa ng'ombe, hata awe shemeji yako, mwache na ng'ombe wake.

Jambo la pili lilinishtua zaidi. Kwa ndege, anayeamua jinsia ya kifaranga ni mama. Jogoo ana kromosomu Z mbili. W, inayofanya kifaranga awe jike, anayo tetea peke yake. Kwa hiyo unaweza kugandisha majogoo hamsini, na matetea wakiisha utalazimika kuanza na tetea wa kabila jingine: kizazi cha kwanza nusu Kuchi, cha pili asilimia 75, mpaka cha tano ndio unafika karibu 97, na ile W itabaki ya mgeni. Yai nalo haligandishiki, kiini ni kikubwa mno. Taasisi ya Roslin kule Scotland na ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, wanafuata njia nyingine, ya kugandisha chembe za uzazi kutoka kwenye kiinitete, lakini hiyo haifanyiki bandani.

Mimi sasa natumia mbegu mbichi. Nakamua saa kumi jioni, matetea wakiwa wameshataga, na mbegu inaingia kabla ya nusu saa kwisha. Narudia kila wiki. Vifaranga tisa wa kwanza wa Chifu walikua. Sita nimewagawa kwa wafugaji wawili wa vijiji tofauti, ili kideri kisiwakute wote mahali pamoja. Chanjo ya kideri, ile ya tone la jichoni, sasa ni kila miezi mitatu, nimeiandika ukutani kwa mkaa. Kinachonisumbua ni kutafuta jogoo wa damu nyingine, kwa sababu mabinti wa Chifu wameanza kutaga na mwanamume pekee bandani ni baba yao.

Ile mirija iliyobaki shemeji alitaka kuitupa, nikamkatalia. Gliseroli inaweza kuoshwa hata baadaye, siku nikimpata mwenye mashine. Imo mtungini katikati ya mirija ya Friesian, imeandikwa "CHIFU" kwa kalamu nyekundu, na kila akienda kujaza naitrojeni ananitumia ujumbe nimchangie.