Tembe za buluu zisizo na pakiti: zina nini, na kwa nini anayezimeza asiziache ghafla

Swali: Daktari, salaam. Ndugu yangu mdogo anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kliniki ya hapa Kisauni, na unga (heroini) ameacha. Lakini kwa miezi kadhaa sasa anameza tembe za buluu anazonunua maskani, tatu hadi tano kwa siku, zimefungwa kwenye kijikaratasi. Yeye asema ni Valium tu. Akizimeza huongea kama mlevi, hujigonga mlangoni, na kesho yake hakumbuki lolote. Tulimpima mkojo kwa kipimo cha dukani, sehemu ya benzodiazepini (jamii ya dawa za kutuliza, Valium ikiwemo) ikaonyesha hana kitu. Je, ni Valium kweli? Na tukimfungia chumbani wiki moja zimtoke mwilini, kuna ubaya? (Dada mtu, Kisauni)

Jibu: Dada, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja. Msimfungie. Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili ukiikosa dawa uliyoizoea, ni kali, lakini kijana mwenye afya kwa kawaida huivuka. Arosto ya tembe za jamii ya benzodiazepini ni jambo jingine: huweza kuleta kifafa cha mfululizo, kuweweseka, homa na hata kifo. Ubongo uliozoea kutulizwa kila siku hujirekebisha kwa kuongeza kasi yake wenyewe, na dawa ikikatwa ghafla kasi hiyo hubaki bila breki. Kwa tembe zinazoisha haraka mwilini, kifafa huweza kuja siku ya kwanza hadi ya tatu. Kwa zile zinazokaa, huja baada ya siku kadhaa, pengine wiki nzima, wakati nyumbani mmeshaanza kupongezana kwamba amepona.

Sasa, je, ni Valium? Valium ni jina la kibiashara la diazepam. Tembe halali huwa na miligramu 2, 5 au 10, hutolewa kwa cheti cha daktari, na pakiti yake ina jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Rangi si ushahidi. Valium ya miligramu 10 ni ya buluu, na ndiyo sababu waghushi hupenda kutia rangi hiyo. Majina ya mtaani nayo hayasaidii: bugizi ilikuwa Rohypnol, benzodiazepini nyingine ya kulaza, lakini anayekuuzia bugizi leo hana anachoweza kukuthibitishia.

Kinachonitia wasiwasi ni kundi la dawa zilizobuniwa kwa kubadilisha kidogo umbo la benzodiazepini zinazojulikana. Nyingine zilivumbuliwa na makampuni ya dawa zamani na hazikusajiliwa kamwe. Nyingine ni dawa halali katika nchi chache, kama etizolamu nchini Japani na India, au fenazepamu nchini Urusi. Poda yake husafirishwa, kisha watu wenye mashine ndogo huikandamiza kuwa tembe na kuziita Valium au Xanax (benzodiazepini nyingine ya hospitali). Umoja wa Mataifa umekuwa ukizifuata nyuma: fenazepamu iliwekwa chini ya udhibiti mwaka 2016, etizolamu na flualprazolamu 2020, klonazolamu, diklazepamu na flubromazolamu 2021, bromazolamu 2024. Ikidhibitiwa moja, sokoni huingia nyingine.

Kazi yake mwilini ni ileile ya diazepam. Hushika vipokezi vya GABA kwenye ubongo na kuvifanya viitikie zaidi ishara ya kutulia, ndipo wasiwasi hushuka, misuli hulegea na usingizi huja. Tofauti iko kwenye nguvu. Diazepam hupimwa kwa miligramu 5 au 10. Klonazolamu na flubromazolamu hufanya kazi hata chini ya nusu miligramu. Fanya hesabu: gramu moja yatosha tembe 2,000 za nusu miligramu. Kiwandani, poda kidogo hivyo huchanganywa kwa hatua nyingi na sampuli za tembe hupimwa kabla ya kutoka. Anayechanganyia kwenye ndoo hawezi kuisambaza sawasawa. Tembe moja itakuwa karibu tupu na ya pili yake katika kijikaratasi hichohicho ikabeba dozi ya watu watatu. Kwa hiyo “nilimeza mbili jana sikudhurika” haimlindi leo, na kuikata katikati hakumhakikishii nusu ya dozi.

Kuna mtego wa pili, wa muda. Fenazepamu huchelewa kupanda. Mtu hungoja saa moja, huona kimya, huongeza mbili, kisha zote humfikia pamoja. Diklazepamu hubaki mwilini siku kadhaa, na ini huigeuza kuwa dawa nyingine za jamii hiyohiyo, ikiwemo lorazepamu, ambazo nazo zinalaza. Anayemeza kila usiku hurundika.

Kusahau unakokuona si ujeuri wala uongo. Dawa hizi huzuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu mpya huku mtu akiwa macho, anatembea, anajibu, hata anapanda tuktuk na kulipa nauli. Hatari yake ni kwamba husahau pia kuwa ameshameza, akameza tena. (Ndiyo sababu hiyohiyo wezi wa kwenye baa hutumia dawa za aina hii kama “mchele”. Aliyewekewa apelekwe hospitali mapema na mkojo wa kwanza uhifadhiwe, kwa sababu ushahidi hupotea ndani ya saa au siku chache.)

Lakini kwa ndugu yako hatari kubwa ni mchanganyiko. Mtu mzima aliyemeza diazepam peke yake mara nyingi hulala na kuamka. Ukiongeza methadoni, unga au pombe, kila kimoja hupunguza msukumo wa kupumua, na vikikutana pumzi husimama. Methadoni hufikia kilele kwenye damu saa mbili na nusu hadi nne baada ya kunywewa, na uwezo wake wa kudidimiza pumzi huchelewa zaidi na kudumu zaidi. Aliyekunywa kliniki asubuhi, akameza tembe mchana, anaweza kuzima jioni kitandani watu wakidhani amejilaza tu. Huko Scotland mwaka 2020 walihesabiwa 1,339 waliokufa kwa dawa za kulevya. Etizolamu ilihusishwa katika zaidi ya nusu ya vifo hivyo, na aghalabu haikuwa peke yake.

Kuhusu mkojo, kipimo kimekwambia zaidi ya ulivyodhani. Vipimo vya dukani vimetengenezwa kunasa mabaki ya diazepam na jamaa zake wa karibu. Mtu anayemeza diazepam tembe tatu hadi tano kila siku kwa kawaida kipimo humshika. Kama mkojo ulikuwa wake na haukuongezwa maji, jibu la “hakuna” linaelekeza kwamba si Valium. Dawa mpya huweza kupita bila kuonekana, hasa zile za dozi ndogo sana, na hata zikionekana kipimo hakitaji ni ipi. Kuitambua kunahitaji mashine ya maabara inayopima uzito wa molekuli. Msikitumie tena kipimo hicho kumtuhumu wala kumsafisha.

Akizima usiku, fanyeni hivi. Mwite kwa sauti, mtikise bega, msugue katikati ya kifua kwa viungo vya ngumi. Hesabu pumzi kwa dakika nzima: mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Zikiwa chini ya 10, au akikoroma kwa sauti ya maji kooni, au midomo kwa ndani na kucha zimebadilika rangi, hiyo ni dharura. Piga 999 au 112. Mlaze ubavu, kinywa kikielekea chini. Akiacha kupumua, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano au sita. Mkiwa na naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini na methadoni, mpeni, kwa sababu ya methadoni. Lakini haiondoi benzodiazepini, hivyo huenda pumzi ikarudi na yeye asiamke. Angalieni pumzi, si macho. Maziwa, kahawa, maji baridi ya kumwagia na kumtapisha, hapana: mtu aliyezima akitapika, matapishi huingia mapafuni.

Hospitalini msidai “sindano ya kumwamsha”. Ipo, inaitwa flumazenili, lakini kwa aliyezoea tembe hizi huweza kuamsha kifafa, na nguvu yake huisha kwa takriban saa moja huku tembe ikiendelea. Daktari akichagua oksijeni na uangalizi wa saa nyingi, hajazembea.

Njia ya kutoka ni kumhamishia kwenye diazepam ya hospitali, dozi ikikisiwa kwa dalili kwa kuwa hatujui alichokuwa akimeza, kisha kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila wiki mbili hadi nne. Ni kazi ya miezi. Kwa sababu yuko kwenye methadoni, dawa zote mbili zisimamiwe na watu wamoja, na diazepam apewe ya siku moja moja, si ya mwezi. Msijaribu kumpunguzia kwa tembe zile za maskani, nimeshaeleza zisivyolingana.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda naye kliniki, kabla hajanywa dozi. Huenda wakaichelewesha au kuipunguza siku hiyo wakimwona amesinzia, na hofu ya hilo ndiyo huwafanya wengi wafiche. Kukosa sehemu ya dozi siku moja ni shida ndogo kuliko wao kumpa methadoni kamili juu ya tembe wasizozijua. Waeleze idadi anayomeza kwa siku, kwa miezi mingapi, saa ya mwisho aliyomeza, kama amewahi kupata kifafa, na kama anakunywa pombe. Tembe yenyewe ipigie picha pande zote mbili, na sarafu ya shilingi kumi kando yake ili ukubwa uonekane. Akikataa kwenda, piga 1192, laini isiyolipiwa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na dawa za kulevya, upate ushauri wa namna ya kuzungumza naye.