Oili inapungua tangini lakini slaidi kavu: kabla hamjanunua pampu nyingine

Mkuu, umesema tanki la oili ya kulainisha slaidi kwenye mashine yenu ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kusaga chuma linapungua kama kawaida, ila mhimili wa Y, mmoja wa mielekeo mitatu ya mwendo (X, Y na Z), unakwama na kuchomoka, na pampu mpya haijasaidia. Pole. Kosa hilo la pampu nami nimelifanya, tena kwa pesa ya bosi.

Yetu ilikuwa ya mtumba, ya slaidi, yaani nyuso za chuma zinazoteleza juu ya chuma, si reli za gololi. Ilianza kwa servo (mota) ya Y kulalamika mzigo mkubwa asubuhi, baadaye ukichonga duara linatoka na kovu pale mhimili unapogeuka. Nikaona tanki linashuka, nikajiambia oili inafika. Kumbe tanki linakuambia oili imetoka tu, halikuambii imekwenda wapi.

Fungua kava za slaidi. Futa slaidi kwa kitambaa cheupe hadi ikauke, piga pampu kwa mkono mara kadhaa (usiisubiri ijipige yenyewe, nyingine huhesabu muda mhimili ukiwa unatembea tu), endesha meza polepole mwisho hadi mwisho, kisha futa tena. Palipo kavu ndipo pa kufuata, kurudi nyuma kwenye paipu. Kwetu X na Z zililowa vizuri, Y ilikuwa kavu upande mmoja.

Tazama pia geji ya presha wakati pampu inasukuma. Mshale ukipanda kisha ukashuka taratibu, ni dalili njema. Usipopanda, paipu limekatika, kuna hewa ndani, au chujio la kufyonzea limeziba. Ukipanda ukaganda hapo, mbele kumeziba.

Halafu jua mfumo wako ni wa aina gani. Kuna ule ambao jeti ndogo za shaba hugawana oili kwa ukinzani: paipu moja likikatika kabla ya jeti yake, oili nyingi hukimbilia huko na sehemu nyingine huweza kukaa na njaa; likikatika baada ya jeti, mara nyingi hukauka sehemu hiyo tu. Na kuna ule wa vipistoni, kila kimoja na kipimo chake. Huo presha isipoachiwa baada ya kila pigo, vipistoni havijazi tena, na utatafuta paipu bovu hadi jioni.

Yetu ilikuwa ya jeti. Paipu la nailoni la mm 4 lilikuwa limekatwa na chengachenga za chuma chini ya meza, oili ikawa inamiminika kwenye maji ya kupozea. Juu ya maji yale kulikuwa na utando mzito ambao nilikuwa nikiuona kila siku nikiupita! Na hata huko "kushuka kawaida" hakukuwa kawaida, hatukuwa tumeandika popote. Sasa tanki lina utepe wa karatasi, tunaweka alama na tarehe.

Jeti iliyoziba usiitoboe kwa waya. Mwenzangu mmoja alitoboa, oili ikamwagikia sehemu hiyo moja. Badilisha kwa yenye namba ileile, mshale uliochorwa kwenye jeti uelekee slaidi. Ukishafunga paipu jipya, legeza ncha ya mbali upige pampu hadi mapovu yaishe, ndipo ukaze.

Oili yenyewe: kitabu cha mashine ndicho cha kufuata, ila nyingi za aina hii hutaka oili ya slaidi ya VG 68 (namba ya uzito wake), mfano Mobil Vactra No. 2. Ina kinata cha kushika chuma. Oili ya injini msiweke hata kama ipo bure stoo. Sabuni zake huichanganya na maji ya kupozea badala ya kujitenga juu yake.

Ukifungua kava la Y tuwekee picha ya jeti na paipu zake, na useme mshale wa geji unafanyaje. Pampu ya zamani usiitupe, huenda ni nzima.