Kroslinkingi Peke Yake Haitakurudishia Macho

Wiki iliyopita msomaji wa Mwanza aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nina keratokonasi macho yote mawili. Ndugu wamenichangia hela ya kroslinkingi. Nikishafanyiwa, nitasoma ubao bila miwani?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu ni hapana, na ni bora ulisikie kabla hela haijatoka. Keratokonasi ni ugonjwa wa konea, kioo cha mbele cha jicho, kukonda na kuchomoza. Kroslinkingi ni breki. Inaizuia konea isiendelee kukonda na kuchomoza, lakini hairudishi umbo lake la zamani. Wengine hupata nafuu kidogo, konea ikilala kiasi miezi inayofuata. Kuona vizuri kunadai tiba nyingine juu yake, na mpango wa tiba zote unatakiwa ujulikane tangu mwanzo.

Ugonjwa ulinianza nikiwa chuoni. Miwani mipya haikudumu, herufi zilikuwa na vivuli, na usiku taa za magari zilivuta mikia mirefu. Nilipoajiriwa kufundisha hesabu, mkuu wangu alinitoa kwenye usahihishaji wa mitihani mbele ya walimu wenzangu. Alisema mtu asiyeona tarakimu hawezi kukabidhiwa alama za watoto wa watu. Maneno yale bado yananiuma. Nyumbani walisema nimerogwa. Daktari wa kwanza akaniambia nisubiri mpaka konea iharibike kabisa ndipo nipandikizwe ya marehemu. Kusubiri! Ugonjwa huu hukimbia zaidi ujanani, na kila mwaka wa kusubiri unakula unene wa konea.

Wakati huo njia zilikwishakuwepo. Watafiti wa Dresden, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kroslinkingi kwa wagonjwa mwaka 2003. Marekani iliiidhinisha 2016. Utaratibu wa Dresden ni huu: utando wa juu wa konea unaondolewa, jicho linadondoshewa riboflavini, yaani vitamini B2, kwa nusu saa, kisha linamulikwa mwanga wa urujuanimno kwa nusu saa nyingine. Nyuzi za kolajeni, protini inayoijenga konea, zinashikana na konea inakakamaa. Maumivu ya siku za mwanzo ni makali, usidanganywe. Mke wangu alinishika mkono hadi chooni.

Jicho la kulia lilikuwa baya zaidi, konea imechomoza upande wa chini. Daktari wangu wa pili, niliyemfuata India kwa michango ya ukoo, alinifanyia mambo mawili kwa kikao kimoja. Kwanza leza ilichimba njia nyembamba ndani ya unene wa konea, humo akapitisha vipande vya pete vya plastiki vinavyoilaza konea katikati. Kisha kroslinkingi. Pete hurekebisha umbo lakini hazizuii ugonjwa kuendelea, ndiyo maana alizifunga pamoja na ile breki. Zisipokufaa zinaweza kutolewa.

La kushoto lilikuwa na umbo zuri kidogo, kwa hiyo lilipata kroslinkingi tu. Tukangoja zaidi ya mwaka, vipimo vikirudiwa hadi vikatulia. Hapo ndipo akaweka lenzi ya kudumu ndani ya jicho, nyuma ya mboni na mbele ya lenzi ya asili, iliyotengenezwa kwa namba yangu pamoja na astigmatizimu, yaani kupinda kwa konea kusiko sawa pande zote. Lenzi ya namna hiyo haifai kwenye konea iliyopinda ovyo, wala kwa jicho ambalo namba yake bado inatembea.

Ipo pia njia ya Athens, aliyoiasisi Dkt. Kanellopoulos: leza inayofuata ramani ya konea inasawazisha uso wake kidogo, na kroslinkingi inafanywa siku hiyohiyo. Mimi nilinyimwa kwa sababu konea yangu ni nyembamba. Usichanganye njia hiyo na lasiki, upasuaji wa leza wa kawaida wa kuondoa miwani. Mwenye keratokonasi akifanyiwa lasiki anaharibiwa. Ukikuta tangazo la lasiki ya bei nafuu, pita.

Leo nasahihisha mitihani. Kushoto nasoma kwa miwani myepesi, kulia bado navaa lenzi ngumu juu ya jicho, na sioni aibu kusema hivyo. Anayekuahidi utatupa miwani na lenzi zote anakuuzia maneno.

Basi usikubali kulala kitandani hujauliza. Konea yangu ina unene gani? Ya kawaida ni kama mikroni 540 (mikroni elfu moja ni milimita moja), na kroslinkingi ya kawaida inataka isipungue 400. Ugonjwa unaendelea au umesimama? Baada ya hii, kinafuata nini, na hii itakifungia mlango? Omba nakala ya ramani ya konea yako, uitunze kama cheti cha kuzaliwa. Na acheni kufikicha macho! Narudia, acheni. Mwasho mara nyingi unatokana na mzio, mzio una dawa za matone, na kufikicha kunaisukuma konea mbele. Wazazi, mtoto anayefikicha macho kutwa nzima msimkaripie tu, mpelekeni akapimwe.

Ugonjwa huu pia hutembea katika familia, kwa hiyo niliwapeleka wadogo zangu nao. Mmoja yuko salama. Wa mwisho, bado yuko sekondari, alikutwa na dalili za mwanzo huku konea ikiwa bado nene. Alifanyiwa kroslinkingi mapema, na hadi sasa hajahitaji pete wala lenzi ya ndani.