Wekundu wa Mlima Rigi Umetoka Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kitabu kimoja cha sanaa nimeona picha ya Turner iitwayo The Red Rigi, inayoonyesha mlima mwekundu kando ya maji wakati wa machweo. Nasikia imechorwa kwa rangi za maji. Nami hutumia rangi hizohizo, lakini kila nikijaribu machweo, nyekundu yangu hugeuka matope. Je, alitia rangi nyeupe ili mlima ung'ae?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, mng'ao ule kwa sehemu kubwa ni wa karatasi yenyewe. J.M.W. Turner, Mwingereza aliyeikamilisha picha hiyo mwaka 1842, alipaka rangi nyepesi tabaka juu ya tabaka, ili nuru ipenye rangi, igonge weupe wa karatasi na kurudi machoni mwa mtazamaji. Anayechanganya nyekundu na nyeupe hupata waridi iliyofifia, na anayerudisha brashi mahali ambapo hapajakauka vizuri huzichochea rangi za chini; hayo ndiyo matope unayoyalalamikia. Turner alipotaka mwanga zaidi, mara nyingi aliondoa rangi badala ya kuongeza: aliifuta ikiwa mbichi, au aliikwangua ikishakauka, wakati mwingine kwa ukucha.

Hata hivyo, mkono peke yake haukutosha. Alijua pa kusimama. Rigi, wenye kimo cha mita 1,798, uko mashariki ya mji wa Luzern, Uswisi, ng'ambo ya ziwa. Kwa mtu aliye Luzern, jua la jioni humwangaza mgongoni na kuupiga mlima usoni, na kwa kuwa mwanga wa saa hiyo hupita katika hewa nyingi zaidi, buluu hutawanyika njiani na wekundu ndio unaosalia. Alfajiri mambo hugeuka, kwa sababu jua huchomoza upande wa nyuma wa mlima, na ndiyo maana katika The Blue Rigi, ya mwaka huohuo, mlima ni kivuli cha buluu. Kwa hiyo, ukichora jua likizama nyuma ya mlima, usiulazimishe mlima wenyewe uwe mwekundu.

Wapo wanaopenda kuamini kwamba wasanii wa Kiromantiki, yaani wa mkondo wa Turner uliotanguliza hisia, walipandwa na hisia hizo wakapaka papo hapo. Habari ya picha hizi ni ya kibiashara zaidi: Turner alitayarisha vielelezo vya rangi, dalali wake Thomas Griffith akavionyesha kwa wanunuzi, na picha kamili zikafuata.

Ukifanikiwa kuimaliza yako, usiitundike panapopigwa na jua, kwani baadhi ya rangi nyekundu za maji hupauka upesi. Makumbusho nayo huonyesha picha za aina hii katika mwanga hafifu na kwa muda mfupi. The Red Rigi yenyewe sasa imo katika National Gallery of Victoria, Melbourne.